“Locked in”: umekwama, umenasa au umejifunga?

Mwezi uliopita nilitafsiri mkataba wa pango wa nyumba moja ya Sinza. Mwenye nyumba anaishi nje, mkataba wake kauandika kwa Kiingereza, na katikati ya ukurasa wa pili ukasema mpangaji atakuwa “locked in” kwa miezi kumi na miwili, yaani hawezi kujitoa kabla ya hapo. Ilikuwa saa sita usiku na nilikuwa na kazi nyingine mbili zinanisubiri. Nikaandika: “Mpangaji atafungiwa kwa kipindi cha miezi 12.” Nikatuma, nikalala.

Asubuhi dalali akanipigia. Nyuma yake nilisikia mwanamke anacheka mpaka anakohoa. Akaomba apewe simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nilikuwa nauliza tu, nikishalipa hiyo kodi ya mwaka, mnanifungia na nani? Na chakula mtakuwa mnanipitishia dirishani?”

Sikuwa na la kujibu. Kamusi ingenitetea, lakini mama yule hakuwa anasoma kamusi. Alikuwa anasoma mahali atakapolala yeye na wanawe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapambanisha maneno yetu mawili mawili, nione lipi linakaa wapi. Kama unatafsiri mikataba, unaandika maneno ya chini ya filamu, au unataka tu kumwambia mwenzako kwamba huwezi tena kutoka ulipoingia, haya ndiyo niliyofikia.

Kiingereza hakisemi nani kafunga

Msemo huo kwa Waingereza unafanya kazi nyingi bila kubadili nguo. Riba ya mkopo ikishawekwa isipande wala kushuka, iko “locked in”, na mkopaji anafurahi. Kampuni iliyoweka kumbukumbu zake zote kwenye programu ya muuzaji mmoja, kiasi kwamba kuhama ni gharama kuliko kubaki, nayo iko “locked in”, na haifurahi hata kidogo. Mgonjwa aliyepooza mwili mzima akabakiwa na macho tu, akili yake ikiwa timamu, madaktari wanamwita hivyohivyo. Na huko Uingereza mwenye baa akifunga milango saa za kisheria zikiisha, wateja wachache wakabaki ndani wanaendelea na glasi zao, hiyo nayo ina jina hilo, na ni starehe.

Kwa hiyo msemo mmoja una kicheko, kilio na hospitali. Unaweza kuwa hivyo kwa sababu hautaji nani alizungusha ufunguo. Msikilizaji hajui kama ulijifungia, ulifungiwa, au mlango ulibamizwa na upepo.

Kiswahili hakikuachi upite hivyo. Ukiweka -w- mwishoni, kuna mtu kakutenda. Ukiweka -ji- mwanzoni, umejitenda. Ukitumia vitenzi vya kundi la simama, inama na tuama, hali imekukuta na hakuna anayeshtakiwa. Kabla hujachagua neno, jiulize nani kafunga mlango. Swali hilo moja limenifaa kuliko kamusi zote nne zilizo kwenye rafu yangu.

Kukwama na kunasa

Haya mawili watu wanayatumia kama mapacha, na ndiyo yanayoharibu tafsiri nyingi.

Kukwama ni neno la barabarani. Gari limekwama kwenye tope. Mto Msimbazi ukifurika, basi la mwendokasi linakwama Jangwani na abiria wanashuka wameshika viatu mkononi. Aliyekwama alikuwa anakwenda, sasa haendi. Hakuna mkosaji, na nadhani ndiyo maana neno hili limependwa sana maofisini. “Malipo yako yamekwama,” anakwambia karani, kana kwamba malipo yalitoka yenyewe asubuhi, yakatembea, yakakutana na tope njiani. Halafu kukwama kuna matumaini ndani yake. Kilichokwama hukwamuliwa, jirani akija na kamba mnatoka.

Kunasa ni kushikwa. Shati likinasa kwenye bati la mlango wa daladala, wewe hushindwi kwenda mbele tu. Hata kurudi nyuma huwezi, na ukivuta ndiyo linachanika. Tofauti yenyewe iko hapo: aliyekwama anashindwa kuendelea, aliyenasa anashindwa kujitoa.

Pima kwa sentensi moja. “Tumekwama kwenye mkataba” maana yake mazungumzo yamesimama, pengine hata hamjasaini. “Tumenasa kwenye mkataba” maana yake mmesaini zamani na mnatafuta mlango. Mtafsiri anayeandika la kwanza akikusudia la pili amempa bosi wake habari tofauti kabisa, na bosi atakuja kujua siku ya kulipa. Kwa “locked in” ya mtu anayetaka kutoka, chagua kunasa.

Ila usiruke haraka kwenda kunaswa. Hiyo -w- inamleta mwindaji, na siku hizi mwindaji huyo ni polisi au kamera. Ukiandika “wateja wamenaswa”, msomaji wa Dar anatafuta kwanza walichoiba.

Samaki wa dema

Nilidhani nimemaliza, mpaka nikaenda Kunduchi kununua samaki. Pembeni mzee mmoja alikuwa anakarabati dema, ule mtego wa kusuka kwa fito unaoshushwa chini baharini na kuachwa. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kivuli chake, na kwa kuwa kazi ilikuwa bado kichwani nikamuuliza: samaki akiwa humu, tuseme amenasa?

Akanitazama kama anayemtazama mtoto wa mjini, na kweli ndiye niliye. “Samaki wa wavu ndiye ananasa, mwanangu. Wa dema kaingia.”

Akaligeuza dema, akanionyesha mdomo wake. Kwa nje ni mpana, mkono wangu mzima ungepita. Kadiri unavyokwenda ndani unabana, na ncha za fito zote zinaelekea ndani. Samaki anafuata chambo, anapita mlangoni bila kuguswa na kitu. Humo ndani anaogelea, anakula, hana jeraha wala kamba. Kinachomweka ni kwamba mlango aliopitia, akiutazama kutoka ndani, unaonekana kama ukuta. Mzee alinionyesha hilo kwa kidole kimoja, akakisukuma ndani kikaenda, kisha akajaribu kukirudisha ncha zikamchoma.

Niliporudi nyumbani nilifuta nusu ya nilichokuwa nimeandika. Ile kampuni iliyokabidhi kumbukumbu zake kwa programu moja haijanasa, maana hakuna kilichoishika. Imeingia. Hata mitaani kwetu hatusemi vingine. Mtu aliyekopa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, wiki ya pili anakwambia “nimeingia kausha damu”, hasemi kanaswa. Aliyedanganywa na tangazo la kiwanja kaingia mkenge. Aliyejikuta mahali pasipo pake kaingia choo cha kike. Na mwenzake akimwonea huruma atasema “umeshaingia”, basi, hakuna cha kuongeza.

Tena neno hili linakuruhusu kumtaja mkosaji ukitaka. Kuingia mjini ni safari tu. Kuingizwa mjini ni kupigwa: kuna mtu alikushika mkono akakupeleka. Kwa hiyo kwenye filamu, mhusika anayejilaumu mpe “nimeingia mwenyewe”, anayemlaumu mwenzake mpe “ameniingiza”. Ni maneno mafupi, yanakaa vizuri chini ya picha, na mtazamaji wa Mbagala hatahitaji kuyasoma mara mbili.

Kujifunga, na hatari zake

Sasa upande wa kuahidi. Hapa mlango umeufunga wewe, na unajivunia. Neno rasmi ni kujifunga: wahusika wamejifunga kutekeleza makubaliano, mkataba unazifunga pande zote mbili. Ni Kiswahili safi, kinakubalika mahakamani na kwenye maazimio.

Lakini funga ni kitenzi chenye ndugu wengi mno, na wote wanapenda kuingilia mazungumzo. “Nimefunga” mchana wa Ramadhani maana yake usinikaribishe chai. “Tumefungwa” Jumapili jioni ni habari ya mpira, na wa Simba au wa Yanga ana huzuni. “Amefungwa” bila mpira ni jela. “Amejifunga” ni beki aliyetia mpira nyavuni kwake. Kujifunga kibwebwe ni kitu kingine tena: mwanamke anaikaza khanga kiunoni kwa sababu kazi iliyo mbele ni kubwa. Hapo kuna kudhamiria kote unakokutaka, bila kunasa kokote. Ukitaka kusema mtu amejitoa kwa moyo wote, hicho kibwebwe, au kulivalia njuga jambo, kinapita “kujifunga” kwa mbali. Mcheza ngoma akishavaa njuga miguuni kila hatua yake inasikika. Hawezi kujifanya hayupo uwanjani.

Na usijaribu kugeuza kitenzi hiki ili kumtoa mtu. Rafiki yangu mhariri aliletewa tafsiri ya masharti ya huduma fulani, imeandikwa: “Mteja anaweza kujifungua wakati wowote baada ya miezi sita.” Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mapema mno, tusubiri tisa.

Kuna jambo moja linalonivurugia kanuni yangu na sioni haya kulisema. Simu za mkopo, hizi unazolipia kidogo kidogo kila siku, ukichelewa skrini inagoma. Watu wote wanasema “simu imejifunga”. Simu haijajifunga, kuna mtu kaipangia ijifunge. Lakini -ji- imekaa hapo, na mwenye deni amebaki anagombana na kifaa, aliyekiamuru haonekani. Karani wa malipo yaliyokwama angelipenda sana neno hili.

Kufungamana

Hili nalipita haraka kwa sababu matumizi yake ni machache, ila yanapofika hakuna mbadala. Aprili 1970 mkutano wa maandalizi wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika hapa Dar es Salaam, kabla ya ule mkubwa wa Lusaka mwezi Septemba. Mtoto wa redio wa miaka hiyo alilijua neno kabla ya kujua dunia ina pande ngapi. Lina uzito kwa sababu linasema kushikamana kwa hiari, pande mbili zikivutana, na kwamba kukataa nako ni msimamo. Chama, taasisi au dola ikiwa “locked in” kwenye ushirika fulani, tumia hili. Bodaboda na mkopo wa friji usiliguse.

Ukishavua nguo

Waingereza wana methali ya zamani: ukiingia kwa peni, ingia kwa pauni. Kabla ya tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo ruka hilo si dogo. Wana pia mto Rubicon, ambao Julius Caesar aliuvuka na jeshi lake mwaka 49 KK ilhali sheria ya Roma ilimkataza. Na marubani wana ile sehemu ya safari ambayo ukiipita mafuta hayatoshi kukurudisha ulikotoka.

Kila anayetafsiri mambo haya anakimbilia “maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga”. Mara nyingi inafaa. Ila zitazame kwa karibu. Rubani hawezi kurudi kwa sababu ya mafuta. Caesar hawezi kwa sababu ya sheria. Wewe uliyevua nguo ufukweni unaweza kabisa kurudi. Nguo zako ziko palepale mchangani. Kinachokuzuia ni kwamba watu wamekuona. Methali yetu inazungumza habari ya aibu na mashahidi, na ndiyo maana inakaa vizuri kwenye harusi iliyokwisha kutangazwa au mgombea aliyechukua fomu, na inapwaya kwenye ndege iliyoishiwa mafuta. Kwa huyo wa ndege, “liwalo na liwe” inatosha.

Peni na pauni ni hesabu ya fedha, na kwetu hesabu hiyo tunaifanya kwa nyama. Kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda cha hapa kwetu alichukua pikipiki ya mkataba: hesabu ya elfu kumi kila siku kwa miezi kumi na mitano, ikiisha chombo ni chake. Nimemsikia akipita maneno yote ninayoyaandika hapa. Wiki ya kwanza alisema amejifunga, na alikuwa amenyoa vizuri. Masika yalipokolea, abiria wakapungua, akasema amekwama. Mwezi wa saba gia zilikufa, fundi akamla laki na nusu, na bosi hakutaka kusikia habari ya siku zisizokuwa na hesabu. Siku hiyo alisema ameingizwa mjini, na akataja aliyemwingiza. Juzi nilimuuliza kwa nini asirudishe chombo cha watu. Akanijibu huku anafuta tangi kwa kitambaa: “Bro, ng’ombe mzima nimeshamla. Mkia huu ndio unishinde?”

Mwenye peni anatazama alichoweka, akaona bora aongeze. Mwenye ng’ombe anatazama kilichobaki, akaona ni kidogo. Ukiwa na mhusika aliyechoka lakini hakati tamaa, mpe mkia. Ukiwa na mtu aliyejiletea balaa na unataka asionewe huruma, mwambie kalikoroga, alinywe.

Vijana nao

Siku hizi kijana anayesema yuko “locked in” anamaanisha kitu kizuri: ametulia kwenye jambo moja, simu iko mbali, hataki kusemeshwa. Wengi wanaliacha hivyohivyo kwa Kiingereza kana kwamba hatuna letu. Tunayo, tena zaidi ya moja. “Nimejifungia nasoma” inasema kila kitu, pamoja na mlango na aliyeufunga. “Nimekaza” ina jasho zaidi. “Nimekomaa” ina muda ndani yake, imepita hatua ya kulalamika. “Nimezama” inafaa kwa kazi na kwa mapenzi vilevile, kwa hiyo angalia unamtumia nani. Mimi ningechagua nimejifungia, kwa sababu ya ile -i- ndogo inayoleta ndani. Ndiyo -i- ileile iliyonitia aibu Sinza. Fungiwa ni la mfungwa na kuku, jifungia ni la mwanafunzi wa mtihani.

Kwenye mkataba, hakuna picha

Haya yote ni ya hadithi, matangazo, mahubiri na mazungumzo. Kwenye karatasi ya kusaini usichague lolote. Tangu 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, maana yake sentensi unayoiandika usiku wa manane inaweza kusomwa mbele ya hakimu jinsi ilivyo, na hakimu hatakuuliza habari za dema. Sema nani haruhusiwi kufanya nini, mpaka lini, na akifanya itakuwaje.

Mkataba wa Sinza niliuandika upya mchana uleule: “Mpangaji hataruhusiwa kuvunja mkataba huu kabla ya miezi 12 kwisha. Akihama kabla ya hapo, kodi aliyolipa haitarudishwa.”

Dalali akampelekea mama. Jioni mama mwenyewe akanipigia, safari hii hacheki.

“Mwanangu, hii sasa nimeielewa. Ahsante sana.”

“Karibu mama. Kwa hiyo unahamia lini?”

“Sihamii. Si nimekwambia nimeielewa?”

Dalali alikosa kodi yake ya mwezi mmoja, na mpaka leo anasema anaidai kwangu.